Skii Mpya za Reli na Miruko Midogo: Kilima Ndicho Kilichonichagulia

Assalaam aleikum, na hamjambo ndugu zangu wa Mombasa, wa Pwani nzima, pamoja nanyi mnaonitazama mkiwa kwingineko. Leo nimo gerejini mwangu hapa Bloomington, katika jimbo la Minnesota, na mkiona mvuke ukinitoka kinywani msije mkamwambia mama kwamba nimeanza kuvuta sigara, kwani ni baridi ya Novemba tu. Juu ya meza hii nimelaza jozi mbili za skii. Hizi za kushoto nimezichakaza kwa misimu mitatu, na hizi za kulia, ambazo bado zina karatasi ya dukani, nilizinunua Jumamosi iliyopita baada ya kuhangaika kwa mwezi mzima.

Dada mmoja wa Likoni aliniuliza kwa nini mtu mzima atoe pesa za jokofu kununua mbao mbili za kutelezea juu ya bomba la chuma. Swali lake ni la haki. Mchezo huu si ule wa kushuka mlima kwa kasi aliotuwakilisha Sabrina Simader huko Pyeongchang mwaka 2018. Sisi hukaa katika sehemu ya kilima iliyotengewa reli, maboksi na matuta ya kurukia, na kazi yetu ni kupanda juu ya chuma, kuteleza, kugeuka na kushuka, mara nyingi tukitua kinyumenyume. Ndiyo maana skii zetu zimepinda juu mbele na nyuma. Jozi iliyoupa mtindo huo nguvu sokoni, Teneighty ya kampuni ya Salomon, iliyobuniwa kwa msaada wa Mike Douglas na wenzake wa Kanada, ilitoka mwaka 1998, mwaka uleule ambao Philip Boit wetu alimaliza wa mwisho katika kilomita 10 kule Nagano na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja mstarini ili amkumbatie. Kwangu mimi mwaka huo una mambo mawili ya kukumbukwa, ingawa hayahusiani hata kidogo.

Turudi mezani. Kosa nililolifanya mara ya kwanza lilikuwa kununua skii za mlima ambao siuendei. Nilikuwa nikitazama video za Colorado na za Alps, ambako watu hutua katika theluji laini inayofika magotini, nikanunua skii pana, ndefu na laini kama zao. Kilima changu ni Hyland Hills, ambacho kutoka chini hadi kileleni kina mita 53 hivi, yaani kimo cha jengo la ghorofa kumi na sita. Juu tunavutwa na kamba inayozunguka bila kusimama: unaishika kwa glavu, inakuburuta, unaiachia, unashuka, na baada ya dakika chache umerudi kuishika tena. Kwa jioni moja unapita juu ya reli mara nyingi kuliko mtu wa milima mikubwa anavyopita kwa siku mbili, na glavu zako zinakwisha kama sabuni. Theluji yenyewe kwa kiasi kikubwa hutengenezwa kwa mitambo inayopuliza maji hewani usiku wa baridi kali, na ikishakanyagwa na kuganda inakuwa ngumu kama sakafu ya saruji.

Mambo hayo matatu, yaani ufupi wa kilima, wingi wa reli na ugumu wa theluji, ndiyo yaliyonichagulia skii, si rangi wala jina lililochapishwa juu yake. Chukueni upana wa kiuno, pale penye kusimamia buti. Skii za uwanjani, yaani za sehemu hiyo ya reli na matuta, huanzia kama milimita 80 na kufika karibu na 100. Line Tom Wallisch Pro niliyoishika dukani ilikuwa na 90, K2 Poacher 96, na Armada Edollo 98. Upana mkubwa huelea vizuri katika theluji laini na hukupa uso mpana wa kusimamia juu ya reli, nami sikatai kwamba hilo linatia moyo. Hata hivyo, kwenye barafu skii nyembamba huhama haraka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, nami ninahitaji kujinyoosha ndani ya hatua chache kati ya reli moja na inayofuata. Hizi mpya zangu zina 86. Urefu sikuupigia kelele: mimi nina sentimita 174, skii zina 171, basi.

Sasa tazameni kwa karibu. Ninaziweka uso kwa uso, nyuso za chini zikitazamana. Mnaona hapa katikati pana nafasi inayopitisha vidole vyangu? Huo ni upinde. Nikizibana kwa mkono nafasi inafunga, nikiachia inarudi. Mtu akisimama juu yake, upinde huo hulala chini na kuusukuma ukingo wa chuma uume barafu kwa urefu wake wote. Hizi za zamani hazina upinde wa maana, kwa kuwa zilitengenezwa zikiwa zimeinuka mbele na nyuma kwa ajili ya theluji laini, na kwenye kilima changu zilikuwa zikiteleza upande kama ndara kwenye vigae vya msikitini.

Marehemu baba alikuwa seremala pale Majengo, na nadhani ndiyo sababu siwezi kununua mbao bila kuikunja kwanza. Muuzaji alinitazama kwa mashaka nilipoweka mkia wa skii sakafuni, nikashika ncha, nikasukuma katikati kwa kiganja. Ndani ya skii hizi mna vipande vya mti wa popla na mti wa mepo vilivyounganishwa kwa gundi vikiwa vimesimama ubavu kwa ubavu, na juu na chini yake pana nyuzi za kioo zilizoloweshwa utomvu wa plastiki. Popla ni nyepesi, mepo ni ngumu, na fundi huzipanga kulingana na pale anapotaka skii ilegee au ikaze. Skii inayolegea kote ni raha kwa michezo ya kusimama juu ya mkia na kuzunguka polepole, lakini ukitua nyuma kidogo baada ya mruko, hata wa mita nne, inakukunjikia na kukutupa. Inayokaza kote inafaa miruko mikubwa ya mashindano, kama ile ya slopestyle, mchezo wa reli na miruko ulioingizwa kwenye Olimpiki huko Sochi mwaka 2014, ambayo mimi sina umri wala bima ya kuijaribu. Nilitafuta inayolegea nchani na kukaza chini ya buti.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi ni unene wa kingo za chuma. Shikilieni kamera hapo kidogo. Hii ya zamani, chini kabisa ya mguu, ina ufa mwembamba unaoukatiza ukingo, na sentimita tatu mbele yake kuna mwingine. Chuma kimegongana na chuma mara maelfu, kikachoka, kikapasuka. Ufa peke yake hauiui skii, ila chuma kikianza kutokeza nje kitanasa kwenye reli, na maji yatapenya hadi kwenye mti na kuuozesha. Skii nyingi za kawaida zina kingo za milimita mbili hivi. Hizi mpya zina 2.5, na ubavu wake umejengwa kwa plastiki nene iliyosimama wima, si ganda la juu lililokunjwa hadi chini. Nusu milimita inaonekana ndogo mpaka umlipe fundi akurekebishie. Kwa uso wa chini nilichagua plastiki ya kawaida, isiyo na kasi sana, kwa kuwa ikichubuliwa huzibwa kwa urahisi kwa plastiki ya kuyeyusha, na kwa mita 53 kasi ya nini?

Hapa ndipo penye kidonda changu. Skii za kwanza nilizipeleka kufungiwa vifungo vya buti katika duka moja ambalo sitalitaja. Fundi aliniuliza uzito na kimo, hakuniuliza nitazitumia wapi, nami sikujua kwamba kulikuwa na la kuulizwa. Akatoboa mahali pa kawaida, yaani nyuma sana ya katikati, kama anayefungia mtu wa kushuka mlima. Msimu wote mkia wangu ulikuwa mfupi na mbele yangu mrefu. Kila nikigeuka juu ya reli ncha ilivuta upande wake, na kutua kinyumenyume kulikuwa kama kurudisha nyuma mkokoteni uliojaa nazi. Mwezi Februari ukingo ulinasa kwenye reli, nikaangukia nyonga, na kwa wiki mbili nilipanda ngazi za kazini kama bibi yangu.

Safari hii nilikwenda na alama yangu ya penseli: sentimita moja nyuma ya katikati halisi. Wapo wanaofunga katikati kabisa, na kwa anayecheza reli tupu wana hoja. Mimi napenda kubakiwa na mbele kidogo ya kuegemea ninapotua. Fikirini vizuri kabla ya kutoboa, kwa maana mti uliotobolewa mara mbilimbili hupoteza nguvu ya kushika skrubu.

Kuhusu vifungo vyenyewe, kuna namba inayoonyesha nguvu inayohitajika ili buti lichomoke unapoanguka, na fundi huipata kwa kuzingatia uzito, kimo, umri, urefu wa soli na namna unavyoteleza. Vijana wa uwanjani hupenda kuikaza ili skii zisiwatoke wanapotua vibaya. Mimi nimeiacha pale jedwali lilipoiweka, kwa sababu skii ikinitoka nitaifuata chini ya kilima, lakini goti likinitoka sina duka la kulinunua. Breki nazo zilingane na upana wa kiuno. Hizi ni za milimita 90, zikitosha kuipita 86 bila kutokeza sana na kugonga reli.

Imebaki kazi moja, nayo huwashangaza watu: ninachukua kitu kipya, chenye makali ya kiwandani, na kukifanya butu. Sikilizeni tupa hii. Ninaishika kwa pembe ya nyuzi 45 na kuipitisha chini ya buti, kiasi cha urefu wa kiganja mbele na nyuma, kisha kwenye mikunjo ya ncha zote mbili. Sehemu zilizobaki sizigusi, kwa kuwa barafu ya Hyland bado inataka makali. Unapitisha kucha: ikikwaruzwa, endelea, ikiteleza, simama. Hapa bado inakwaruza kidogo. Subirini… sasa sawa.

Kesho jioni, taa za kilimani zikishawashwa, nitafunga kamera kwenye kofia na kuanza na boksi lile pana la chini, ambalo hata watoto wa miaka minane hulipita wakitafuna bablishi. Na mama, kabla hujapiga simu: kofia ninayosema ni ile ngumu.