Kura Kabla ya Kuonja

SALUM: Tumerudi. Dada Mwana, mbona umenuna?

MWANAIDI: Usinianze. Jumapili tulikuwa na arusi ya binti wa shangazi. Wiki mbili kabla, kwenye grupu la familia, wakapiga kura nani apike pilau. Mimi wa tatu! Wa kwanza mama mdogo wa Muscat, ambaye hajashika mwiko nchi hii miaka 6.

SALUM: Na wa pili?

MWANAIDI: Binamu yangu. Yule anayeunguza wali, halafu anasema ni ukoko wa makusudi.

SALUM: (anacheka) Basi umenifungulia kipindi. Leo tulisema ni Hasheem Thabeet na UConn yake, timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, msimu wa 2008/09. Wenzetu Marekani hivyo hivyo. Waandishi wa habari za michezo wanapanga timu 25 bora za vyuo kabla mpira haujadundwa. Ukimweka mtu wa kwanza unampa pointi 25, wa pili 24, mpaka chini.

MWANAIDI: Kabla ya kuonja!

SALUM: Kabla ya kuonja. Halafu kila wiki wanapiga tena. Vyuo vya daraja la juu vimezidi 300, haviwezi kukutana vyote. Huwezi kuwa na msimamo kama wa ligi yetu.

MWANAIDI: Kwa hiyo ni umaarufu. Mama mdogo wa Muscat.

SALUM: Subiri. Februari 2009 UConn wakawa namba moja Marekani nzima, na pale chini ya kikapu kasimama kijana wa Dar, sentimita 221. Kijana aliyeanza kikapu akiwa mkubwa tayari!

MWANAIDI: Na tarehe 16 mwezi huohuo chuo cha Pittsburgh wakawafuata kwao, wakawafunga 76 kwa 68. DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwa Hasheem karibu kichwa kizima, alimnasa mkono akampiga mweleka. Chali! Pointi 22, ribaundi 23, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka. Huyo ndiye aliyepika siku hiyo.

SALUM: Mechi moja.

MWANAIDI: Moja? Machi 7 wakawapiga tena, 70 kwa 60, na UConn walikuwa wamesharudishwa namba moja. Namba moja gani anayefungwa mara mbili na mtu yuleyule?

SALUM: Haya, kwenye mashindano ya taifa nani alifika nne bora? UConn. Pittsburgh walitolewa na Villanova kwa pointi mbili, 78 kwa 76.

MWANAIDI: UConn nao wakafungwa na Michigan State, 82 kwa 73. Mbona hilo unalimeza?

SALUM: Silimezi. Nasema kura inakuambia nani kafanya vizuri mpaka wiki hii. Haikuahidi kitu.

MWANAIDI: Basi isiitwe namba moja. Iitwe "tunavyodhani".

SALUM: North Carolina walipigiwa kura ya kwanza kabla ya msimu, kura zote, hakuna aliyepinga. Nani alichukua ubingwa?

MWANAIDI: (kimya)

SALUM: Nani?

MWANAIDI: North Carolina. Bahati. Hata binamu kuna siku wali unamtii.

SALUM: Bahati, na fainali walishinda 89 kwa 72?

MWANAIDI: Hunipati hapo, kaka.

SALUM: Wala wewe hunipati. Jamani, sijagusa hata ile mechi UConn waliyofungwa na Syracuse, dakika za nyongeza mara sita! 127 kwa 117, watu wametoka ukumbini New York saa saba usiku imepita. Na Syracuse hawakuongoza hata sekunde moja katika nyongeza tano za kwanza.

MWANAIDI: Hapo ungepata njaa ya pilau.

SALUM: Umeona? Kila tunapofika unarudi kwenye sufuria. Nilikuwa na mambo matatu ya kuwaambia vijana wanaocheza Upanga, nimeyaandika kabisa, na fundi ananionyesha vidole viwili.

MWANAIDI: Dakika mbili?

SALUM: Sasa kimoja. Basi, tutayasema siku nyingine. Ila, dada, arusini alipika nani mwishowe?

MWANAIDI: Mama mdogo. Alishuka na ndege Ijumaa.

SALUM: Na masufuria yalirudije?

MWANAIDI: Fundi, zima mashine.

SALUM: Yalirudi matupu?

MWANAIDI: Zima mashine, nimesema.