Kipaza Sauti Kinaposhuka Jukwaani

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Jioni hii nataka tuzungumze juu ya vijana watatu wa San Francisco: Adam Sherburne, Mark Pistel na Philip Steir. Bendi yao iliitwa Consolidated.

Mashine ya ngoma iligonga kama nyundo kiwandani, gitaa la roki likanguruma, vipande vya sauti za televisheni vikapenyezwa, na Sherburne akafoka juu ya hayo yote: kupinga vita, kupinga dhuluma kwa wanawake, hata kupinga ulaji wa nyama. Nettwerk, lebo huru (kampuni ya kutoa muziki) ya Vancouver, Kanada, iliwatolea albamu ya The Myth of Rock mwaka 1990, na Friendly Fa$cism mwaka uliofuata.

Lakini mimi walinikamata kwa jambo jingine. Kwenye maonyesho yao muziki ulikuwa ukisimama, kipaza sauti kikashushwa kwa watazamaji. Hebu jiwekeni pale: umelipa kiingilio, jasho linakutoka, mdundo umekukolea, mara kimya, unaulizwa una maoni gani! Wapo waliouliza maswali mazito. Wapo waliotukana. Wapo waliosema wamechoka kuhubiriwa, wapigiwe muziki. Bendi ilirekodi maneno hayo na kuyatia ndani ya albamu. Ile ya mwaka 1992 iliitwa Play More Music, yaani pigeni muziki zaidi. Tunasema mkuki kwa nguruwe. Hawa walikubali uwachome wao, tena santuri ikiendelea kuzunguka. Ujasiri huo naustahi kuliko wimbo wao wowote.

Na hawakuwa peke yao mjini. The Beatnigs, kundi la Michael Franti na Rono Tse, walikuwa wakikereza chuma kwa msumeno wa umeme jukwaani, cheche zikiruka, na mlio ule ndio ulikuwa ala. Wawili hao baadaye wakaunda The Disposable Heroes of Hiphoprisy, na Pistel wa Consolidated alishiriki kutayarisha albamu yao ya mwaka 1992. Ujirani wa kufaana huo.

Mwaka 1994 Consolidated walitoa Business of Punishment kupitia lebo kubwa, London Records. Baadaye Sherburne akaendelea na wanamuziki wengine.

Sasa nitawawekea kipande cha Play More Music, sehemu ya watazamaji. Kikiisha, kipaza sauti hiki kinashuka huko mlipo. Mwenye kunipinga aanze.