Kuondoa Stika Kuukuu kwenye Rangi ya Pikipiki

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia stika zilizokaa juu ya pikipiki miaka mingi hadi zikaanza kukatika na kubanduka vipande vipande, na namna ya kuziondoa bila kuijeruhi rangi iliyo chini yake. Kaka Salim, mtu akishaamua kuitoa stika ya namna hiyo, aanzie wapi?

SALIM: Aanze kwa kuosha, dada Rehema. Mchanga uliojibana pembezoni mwa stika ndio unaokwaruza rangi pindi mtu anapoanza kusugua, kwa hiyo sehemu nzima ioshwe kwa maji na sabuni, kisha ikaushwe. Baada ya hapo apitishe ukucha polepole ukingoni mwa stika. Ukucha ukikwama kwenye ukingo mkali, stika iko juu ya rangi na inaweza kutoka. Ukucha ukiteleza, au ukahisi mwinuko laini tu usio na ncha, huenda picha hiyo iliwekwa kiwandani na kufunikwa kwa lakka. Hiyo haibanduliwi kwa njia yoyote tutakayoitaja leo, kwa sababu haitoki ila kwa kupigwa msasa na sehemu hiyo kupakwa rangi upya.

REHEMA: Ni vyema umeligusa hilo mapema, maana wapo wanaokwangua kwa muda mrefu kitu ambacho hakina pa kushikika. Hiyo lakka ina unene gani hasa?

SALIM: Ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Kwenye rangi nyingi za kiwandani, tabaka hilo angavu la juu huwa na unene wa takriban mikroni 40 hadi 50, ilhali unywele wa binadamu hukaribia mikroni 70. Ndiyo maana nasisitiza kwamba wembe, bisibisi na kisu visiguse rangi kabisa, hata kama mkono wa mtu ni mwepesi. Kifaa cha kusukumia kiwe cha plastiki, kwa mfano kadi kuukuu ya benki, nayo itumike tu baada ya gundi kulainika.

REHEMA: Na gundi hulainishwa kwa joto.

SALIM: Naam, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Stika nyingi za pikipiki ni za vinili, yaani aina ya plastiki. Ikiwa mpya, vinili hunyumbulika kwa sababu ya vilainishi vilivyotiwa ndani yake, lakini kwa miaka ya jua vilainishi hivyo hupungua, nayo hukauka na kuvunjika kama ganda la yai kila unapoivuta. Joto la wastani huirudishia unyumbufu kidogo na wakati huohuo huilegeza gundi. Draya ya nywele inatosha: ishikwe umbali wa sentimita 10 hadi 15, isogezwe huku na huku bila kutulia mahali pamoja, na rangi iguswe kwa kiganja mara kwa mara. Kiganja kikishindwa kutulia hapo, joto limezidi. Ile mashine ya mafundi ya kupuliza hewa ya moto naikataa, kwa kuwa nyingi zake hupita nyuzi 500, nazo huweza kuifanya rangi itoke malengelenge na plastiki ipinde.

REHEMA: Draya hiyo inafaa pia kwenye tangi la petroli?

SALIM: Hapana, na wasikilizaji nawaomba walizingatie hili kwa dhati. Ndani ya draya mna waya unaowaka na mota inayoweza kutoa cheche, wakati mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi iliyo chini sana ya nyuzi sifuri. Kumwaga petroli yote hakuondoi hatari, kwa sababu tangi tupu hubaki na mvuke. Kwenye tangi natumia kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, nakilaza juu ya stika kwa dakika chache, na kinapopoa nakirudia. Kazi huchukua muda zaidi, lakini hakuna umeme karibu na mafuta.

REHEMA: Stika ikishalegea, inavutwaje?

SALIM: Inua kona moja kwa ukucha, kisha uikunje stika irudi nyuma juu ya mgongo wake, na uivute polepole ikiwa karibu kulala juu ya rangi. Ukitazama kwa makini pale inapoachana na rangi, utaona gundi ikinyooka kuwa nyuzi nyembamba kabla ya kukatika. Nyuzi hizo zikiwa ndefu na gundi ikibaki kwenye rangi, punguza kasi, na stika ikianza kuchanika, ongeza joto. Usivute wima kwa nguvu, hasa kwenye pikipiki iliyowahi kupakwa rangi upya, kwa kuwa rangi isiyoshika vizuri inaweza kutoka pamoja na stika.

REHEMA: Kwa kawaida hubaki utando wa gundi unaonata. Wengi hukimbilia thina au petroli.

SALIM: Vyote viwili viachwe. Thina huyeyusha rangi nyingi za kopo la kupuliza, na huharibu plastiki za ubavuni. Petroli nayo inaweza kuzitia nyufa baadhi ya plastiki, mbali na hatari ya moto. Anza na mafuta ya kupikia: yapake, yaache kwa dakika 10 au 15, kisha sugua kwa kitambaa laini. Yakishindwa, chukua mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, lakini jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama vile chini ya kiti. Kitambaa kikitoka na rangi, acha mara moja. Mwishoni osha kwa sabuni ili mafuta yasibaki.

REHEMA: Na kivuli cha stika kinachobaki hata baada ya gundi kwisha?

SALIM: Hicho si uchafu. Rangi iliyofunikwa haikupigwa na jua, ilhali ya pembeni imepauka, kwa hiyo kinachohitaji kushughulikiwa ni eneo la pembeni. Polishi laini, ikipakwa kwa mkono, huondoa tabaka jembamba lililochakaa na kuzifanya rangi hizo mbili zikaribiane. Ikiwa rangi yenyewe chini ya lakka ndiyo iliyopauka, polishi haitasaidia, na mwenye pikipiki atachagua kati ya kuipaka rangi sehemu hiyo na kuweka stika nyingine ya umbo lilelile. Rangi isiyong'aa nayo isipigwe polishi kabisa, kwa kuwa itaota madoa yenye mng'ao ambayo hayarudi kuwa kama awali.