Kuhama na Kuhamahama: Safari Katika Nyika ya Mongolia

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu na wanafunzi,

Nimeombwa nizungumzie safari yangu ya Mongolia, lakini kabla hatujafika huko naomba tulitazame neno moja la kwetu. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kuwaita watu kama wale niliowatembelea "wafugaji wa kuhamahama". Kiswahili kinapokirudia kitenzi namna hiyo, mara nyingi hukipunguzia makusudi: anayelima ana shamba, anayelimalima anajishughulisha tu; anayezunguka ana pa kuzungukia, anayezungukazunguka hana. Kwa hiyo anayehama tunamwelewa kuwa ana anakotoka na anakokwenda, ilhali anayehamahama tumekwisha kumhukumu kuwa hana kwao. Nilikwenda Mongolia nikiwa na hukumu hiyo kichwani, na wiki tano nilizokaa huko, kuanzia katikati ya mwezi wa Agosti, ziliniondolea.

Nchi yenyewe iko kati ya Urusi na China, haina bahari, na eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo milioni 1.56, yaani zaidi ya mara moja na nusu ya Tanzania. Watu wake wote hawafiki milioni 4, pungufu ya wakazi wa Dar es Salaam peke yake, ambao sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu kuwa zaidi ya milioni 5.3, na karibu nusu ya Wamongolia hao wanaishi katika mji mkuu wao, Ulaanbaatar. Mifugo imezidi milioni 50 kwa miaka mingi sasa, na farasi peke yao ni wengi kuliko binadamu. Wenyewe huihesabu mifugo yao kwa makundi matano: farasi, ng'ombe pamoja na yaki (jamii ya ng'ombe wenye manyoya marefu), ngamia, kondoo na mbuzi. Tunaiita nchi hiyo nyika kwa sababu hatuna neno jingine lililo karibu zaidi, lakini nyika yetu ina miiba na mibuyu, na ile unaweza kusafiri siku nzima usione mti hata mmoja wa kufungia farasi. Farasi hufungwa kwenye kamba iliyovutwa baina ya nguzo mbili zilizosimikwa mbele ya makazi, na kamba hiyo ndiyo kitu cha kwanza msafiri anachokitafuta kwa macho akiwa mbali.

Tulitoka Ulaanbaatar kuelekea magharibi hadi Kharkhorin, penye magofu ya Karakorum, mji uliofanywa makao makuu ya dola ya Wamongolia na Ögedei, mwana wa Genghis Khan, mwaka 1235. Nisiwacheleweshe hapo, maana vitabu vimekwisha kuyaandika mengi. Safari yangu hasa ilianza tulipoiacha lami na kuufuata mto Orkhon. Huko njia haiwi moja. Magari yamechora mikwaruzo kumi au kumi na tano inayokwenda sambamba juu ya majani, na dereva huchagua kwa kuutazama mlima ulio mbele. Jioni ya siku ya pili gari letu lilikwama katikati ya kijito, maji yakaingia hadi kwenye viti, nasi tukatoka tukiwa tumelowa, jua linazama, na baridi ya nchi ile haimsubiri mtu. Kijana mmoja aliyekuwa akiwarudisha majike wa farasi alituona, akaja, hakusema mengi, akatuelekeza kwa mkono mahali palipokuwa na moshi.

Kwetu mgeni hubisha hodi. Katika nyika ile mgeni, akiwa bado mbali na mlango, hupaza sauti akisema "Nohoi hor!", maana yake "Shikeni mbwa!", na husema hivyo hata pasipoonekana mbwa, kwa kuwa maneno hayo yamekwisha kuwa ndiyo hodi yenyewe. Kisha anaingia. Anainama kwa sababu mlango ni mfupi, anavuka kizingiti bila kukikanyaga, kwani kukikanyaga ni kumkosea adabu mwenye nyumba, na anashika upande wa kushoto ulio wa wageni. Mama wa nyumba ile alitupatia chai ya maziwa iliyotiwa chumvi badala ya sukari, nami niliipokea kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiushika kiwiko, kama nilivyokuwa nimefundishwa njiani. Mzee akatoa kichupa cha ugoro kilichochongwa kwa jiwe. Asiyetumia ugoro hunusa kifuniko tu na kukirudisha, kwa sababu kinachotolewa hapo ni salamu. Hakuna aliyetuuliza tumepatwa na nini hadi chai ilipokwisha. Swali la kwanza la mzee, kama lilivyotafsiriwa, lilikuwa kwamba je, mifugo yetu imenenepa? Nilimjibu kwamba ng'ombe wa marehemu baba yangu, huko Iringa, hawajambo, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nami, kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile, nikajiona kuwa mtu mwenye kwao.

Ukarimu huo una sababu, na naomba tusiuchukue kuwa tabia njema tu. Katika nchi ambayo jirani anaweza kuwa umbali wa kilomita 15, na ambayo usiku wa Januari unaweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, anayemfungia mlango mpita njia amemuua. Kila anayepokea leo ndiye atakayepokewa kesho, naye analijua hilo tangu utotoni. Hata msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisafiri miaka michache baadaye katika nyika ya magharibi, iliyokuwa chini ya Uzbek Khan, akaeleza kambi ya mtawala huyo kuwa mji mzima unaotembea, wenye misikiti na masoko yake, moshi wa majiko ukipaa angani huku watu wakiwa safarini. Mtu huyo huyo aliyewaona wazee wetu wa Kilwa aliwaona na watu wa magari ya hema. Hapakuwa Mongolia penyewe, lakini ni nyika ile ile ndefu, na ni maisha ya aina ile ile.

Nyumba yao, ambayo Wamongolia huiita ger, ni ya mviringo. Ukuta ni fito nyembamba zilizopishana na kufungwa kwa vipande vya ngozi, ili zikunjwe na kukunjuliwa. Juu kuna duara la mbao linalopitisha mwanga na bomba la jiko, limeshikiliwa na nguzo mbili za katikati, na kutoka kwenye duara hilo makombamoyo yaliyopakwa rangi hushuka pande zote hadi ukutani. Nje hufunikwa kwa sufi ya kondoo iliyolowekwa na kushindiliwa hadi ikawa nzito kama godoro, na mlango daima hutazama kusini. Mafuta ya jiko ni samadi kavu, ambayo huwaka bila harufu mbaya. Karibu na mlango, ndani, huning'inia mfuko wa ngozi wenye airag, maziwa ya farasi yaliyochacha, na kila anayeingia huupekecha kidogo kwa mti uliomo, mgeni naye hakatazwi. Majike ya farasi hukamuliwa kila baada ya saa chache. Mtoto wa farasi huletwa kwanza anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha huondolewa, naye husimamishwa ubavuni mwa mama yake kana kwamba bado ananyonya. Nililitazama jambo hilo asubuhi tatu mfululizo na sikuchoka.

Siku ya nne familia ile ilihama. Walianza kulipopambazuka, na kabla jua halijapanda sana, nyumba yote ilikuwa juu ya lori, fito zimekunjwa, makombamoyo yamefungwa kama kuni, na duara la juu limewekwa mwisho, juu ya vyote, kwa heshima. Mama akafagia mahali palipokuwa na jiko. Kilichobaki kilikuwa duara la majani yaliyofifia, na dereva wangu akaniambia kwamba mwakani halitaonekana tena.

Basi niliuliza: wanakwenda wapi? Hapo ndipo nilipofundishwa. Kila familia ina kambi ya kiangazi karibu na maji, ya vuli, ya baridi kali na ya majira ya kuchipua, na katika mwaka wa kawaida hurudi zile zile. Malisho ya kambi ya baridi hayaguswi wakati wa kiangazi hata yakiwa mazuri namna gani, kwa sababu ndiyo akiba. Katiba ya mwaka 1992 inaruhusu raia kumiliki ardhi, lakini malisho imeyaondoa katika ruhusa hiyo. Ni uamuzi wa busara, kwa maoni yangu, maana atakayeweka ua katikati ya mzunguko huo atawavunjia mwaka mzima wote wanaoutumia.

Mzunguko huo huvunjwa na dzud. Ni neno la msiba: kiangazi kikavu kikiacha mifugo imekonda, kisha theluji ikaja nzito, au ikayeyuka na kuganda kuwa barafu juu ya majani, wanyama hufa wakiwa wamesimama juu ya chakula wasichoweza kukifikia. Katika baridi ya 2009 na 2010 walikufa zaidi ya milioni 8. Katika ile ya 2023 na 2024, zaidi ya milioni 7. Wanaopoteza kila kitu huhamia pembezoni mwa Ulaanbaatar, husimika ger ndani ya ua wa mbao, na huko huko nyumba iliyobuniwa kuhama hukaa miaka ishirini mahali pamoja. Sitaki kuficha kwamba wafugaji nao wana sehemu yao katika uharibifu. Baada ya mfumo wa mifugo ya ushirika kuvunjwa miaka ya 1990, bei ya sufi laini ya mbuzi iliwavuta watu wengi, makundi ya mbuzi yakaongezeka mno, na mbuzi hula jani hadi mzizini. Mzee mwenyewe aliniambia hayo, akiwa anawatazama mbuzi wake.

Njiani kwenda kambi ya vuli tulipita chini ya kilima penye boma la mawe, tupu, halina mlango wala mlinzi, na ndani yake samadi iliyokaushwa imepangwa vizuri hadi kufika kifuani mwa mtu. Lilikuwa boma lao la baridi, na ilikuwa bado ni mwezi wa Agosti. Mzee alishuka kwenye farasi, akalizunguka polepole, akakuta jiwe moja limeanguka, akaliokota na kulirudisha mahali pake, akalibana kwa jingine dogo. Alikaa kitambo ameuwekea mkono ukuta ule, kisha akapanda farasi wake akatufuata.