Msiililie Meli Kabla ya Kutusimulia Moto

Sitazungumzia Titanic. Mliokuja kwa ajili yake, poleni.

Meli yangu ni SS United States, meli ya abiria ya Marekani, na wanafunzi wangu wamekwisha kuchoka kunisikia nikiitaja. Filamu za makala kuihusu hufuata njia ileile: muziki wa huzuni, kutu ubavuni, mzee aliyewahi kuisafiria anafuta machozi. Halafu rekodi: Julai 1952 ilivuka Atlantiki kwa siku 3, saa 10 na dakika 40. Sawa, ilikimbia. Lakini mbunifu wake alikuwa akikimbia nini?

Moto, jamani! Mwaka 1934 meli ya Morro Castle iliteketea karibu na pwani ya New Jersey, wakafa watu zaidi ya 130. Mwaka 1942 meli ya Normandie ya Ufaransa ikaungua ikiwa gatini New York, ikajazwa maji na wazima moto wenyewe, ikalala ubavu. Mbunifu huyo, William Francis Gibbs, akaapa: kwangu mbao haziingii. Samani alumini, hata hanga za nguo alumini. Kilichopona ni gogo la kukatia nyama jikoni, na piano. Na hiyo piano ilizua ugomvi! Gibbs aliitaka ya alumini. Husimuliwa kwamba Steinway, watengenezaji wa piano, walimwagia petroli mbao zao za mahogani, wakawasha kiberiti; petroli ikaungua ikaisha, mbao zikabaki. Sasa wewe mwenye filamu ya dakika 50 unayesema kisa hiki kimekosa nafasi, ule wimbo mzima wa fidla uliupatia wapi nafasi?

Najua kuna atakayesema, "Mwalimu, hayo ni ya mafundi, mtazamaji anataka hisia." Haya, hisia hizi hapa. Ili meli isishike moto waliijaza asbesto, madini ya nyuzi yasiyoungua, na vumbi la asbesto huua mapafu. Ilipoegeshwa 1969, abiria wakiwa wameshahamia ndege za jeti, mzigo huo ukabaki ndani. Mwaka 1992 ikavutwa hadi Uturuki, kisha Sevastopol, bandari ya Krimea kwenye Bahari Nyeusi, ikang'olewa asbesto na kuta zake pamoja. Philadelphia ilifika 1996 ikiwa gamba tupu. Kinga yake ndiyo iliyokuja kuivua nguo! Filamu iko hapo, na hapo ndipo kamera huzimwa.

Nilitaka kueleza fedha pia: serikali ya Marekani ililipa zaidi ya nusu ya gharama ya kuijenga, dola milioni 78, kwa kuwa meli ingeweza kugeuzwa ibebe askari wapatao 14,000. Ndiyo maana kasi yake halisi ilifichwa miaka mingi. Lakini mwenyekiti anatazama saa. Na la Florida mnalijua: kaunti ya Okaloosa huko imeinunua ili izamishwe iwe makazi ya samaki, na Februari 2025 ikavutwa kutoka Philadelphia. Filamu nyingine zitakuja. Atakayeshika kamera, kabla hajamtafuta abiria, amtafute aliyeng'oa asbesto kule Sevastopol.

Haya, maswali.