Toshihiko na Wajina Wake

Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Kwetu pwani, ukikutana na mwenye jina kama lako, mambo hayaishii kwenye salamu. "Somo!" "Naam, somo!" Tayari kuna utani, kuna kudaiana, na likitokea la kutokea huwezi kusema humjui. Mtoto akipewa jina la babu yake, bibi humwita "mume wangu" mbele za watu hadi kijana anatafuta pa kujificha. Nimetaka kujua kama usomo wa namna hiyo upo Japani. Nikachukua jina moja la kiume, Toshihiko, nikawafuata watu watano waliopewa. Ningeweza kuchukua Hiroshi au Takeshi, lakini wawili kati ya hawa watano wamepita karibu sana na sisi, na sidhani kama wengi wetu tunakumbuka.

Kwanza jina lenyewe. Kile kipande cha mwisho, "hiko", ni cha kale. Katika Kojiki, masimulizi yaliyoandikwa mwaka 712, waungwana wa kiume hubeba "hiko" na wa kike hubeba "hime". Humo wamo ndugu wawili, mvuvi Umisachihiko na mwindaji Yamasachihiko, waliokosana kwa sababu mdogo aliazima ndoana ya kaka yake akaipoteza baharini. Kwa hiyo "hiko" ilikuwa heshima kabla ya kuwa jina tu. Hilo si geni kwetu: Mwinyi kilikuwa cheo, na leo yuko Mwinyi asiyemiliki hata mnazi mmoja.

"Toshi" ndiyo yenye mambo. Naomba niandike ubaoni. 利彦. 俊彦. 稔彦. Yote matatu husomwa Toshihiko. La kwanza linaanza na herufi ya makali na faida, na ukiichungulia utaona upande wa kushoto nafaka na upande wa kulia kisu. La pili linaanza na herufi ya mtu mwenye kipaji, aliyewapita wenzake. La tatu ni kuiva kwa nafaka, mavuno. Mzazi wa Kijapani huchagua sauti, kisha huchagua maandishi, na mara nyingi huko kwenye maandishi ndiko anakoiweka dua yake. Serikali nayo iko hapo hapo: ina orodha ya herufi zinazoruhusiwa kwenye majina ya watu, na ofisa wa daftari la familia hukataa iliyo nje yake. Cha ajabu ni kwamba kwa miaka yote hiyo daftari lilikuwa na herufi bila matamshi. Ni Mei 2025 tu ndipo sheria mpya ilipoanza kudai matamshi yaandikwe rasmi.

Sasa wenyewe. Wawili nawapitia haraka. Toshihiko Fukui alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Japani kuanzia 2003 hadi 2008, na mwaka 2006 ndiye aliyepandisha riba kutoka sifuri hadi asilimia 0.25, jambo lililoitikisa nchi iliyokuwa imezoea kukopa karibu bure. Toshihiko Tahara ni mwimbaji aliyeanza kutamba mwaka 1980, kijana mwenye sura nzuri na miguu myepesi, picha yake imebandikwa ukutani kwa wasichana wa wakati ule. Wote wawili huandika 俊彦. Gavana na mwimbaji, herufi kwa herufi, ni masomo. Sijasikia kwamba walitaniana.

Wa tatu ni Toshihiko Koga, mcheza judo, yule wa mavuno. Judo ina madaraja ya uzito, lakini mashindano ya taifa ya Japani yalikuwa hayana: mwembamba na mnene wanaingia mlango mmoja. Mwaka 1990 Koga alifika fainali ya mashindano hayo na kukutana na Naoya Ogawa, aliyemzidi kwa zaidi ya kilo 50. Alishindwa, na Wajapani wanaikumbuka ile kushindwa kuliko ushindi wa watu wengi. Miaka miwili baadaye, kwenye Olimpiki ya Barcelona, siku chache kabla ya kupanda ulingoni, aliumia vibaya goti la kushoto akifanya mazoezi na mwenzake Hidehiko Yoshida. Yoshida akapata dhahabu yake kwanza. Koga alipanda siku iliyofuata, goti limefungwa na limechomwa sindano za maumivu, akafika fainali na Bertalan Hajtós wa Hungaria. Hakuna aliyeangushwa, ikabidi waamuzi wainue bendera. Zikaenda kwake. Alifariki Machi 2021, akiwa na umri wa miaka 53. Na msikilizeni huyo rafiki aliyemuumiza bila kukusudia: Hidehiko. Naye ni "hiko".

Wa nne nataka tukae naye. Toshihiko Izutsu alizaliwa Tokyo mwaka 1914. Baba yake alikuwa mtu wa Zen, njia ya Kibudha ya kutafakari kwa kukaa kimya, akimketisha mtoto na kumlazimisha kuutuliza moyo usiwaze neno lolote. Mtoto akakua akawa mpenda maneno kuliko kitu kingine. Lugha alizozisoma zinatajwa kuwa zaidi ya 30. Kiarabu alikipata kwa wazee wawili wa Kitatari waliokuwa wamefika Japani. Mmoja ni Abdurreshid Ibrahim. Wa pili ni Musa Jarullah Bigiev, mwanachuoni aliyeikimbia Urusi ya Kisovieti, mtu asiye na mali wala makao ya kudumu. Huyu Musa alimfundisha nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, ya Sibawayhi, bingwa wa kale wa fani hiyo, kwa kichwa, bila kitabu. Mliopita madrasa mnaijua nahau, na mnajua nahau kwa kichwa ni nini. Izutsu mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku moja mzee alifika nyumbani kwake, akayatazama makabati ya vitabu, akamuuliza: nyumba ikiungua utasoma nini? Elimu gani hiyo ya kubebwa na mbao?

Kati ya 1957 na 1958 Izutsu alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kijapani iliyotoka moja kwa moja kwenye Kiarabu. Hakutumia Kijapani cha kale cha vitabu vitakatifu. Alitumia lugha ya kusema, kwa sababu aliisikia Kurani kama maneno yanayoambiwa mtu aliye mbele yako. Wapo waliomlaumu kwamba ameishusha. Mimi namwelewa. Sisi wenyewe tulikuwa na mjadala huo huo katika miaka hiyo hiyo: tafsiri ya Kiswahili ya padri Godfrey Dale ilikwisha toka 1923, ya Sheikh Mubarak Ahmadi ikatoka 1953, na ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyo majumbani mwetu wengi, ikakamilika 1969. Kiswahili gani kinafaa? Cha mashairi au cha barazani? Farsy naye alichagua kueleweka. Tofauti ni kwamba Farsy alikuwa anawafasiria Waislamu wenzake, na Izutsu hakuwa Mwislamu. Alifundisha Montreal, akafundisha Tehran hadi mapinduzi ya 1979 yalipomrudisha nyumbani, na maisha yake yote aliwaweka Ibn Arabi, mwanafikra wa Kisufi, na wahenga wa Kichina kwenye jamvi moja akiwasikiliza wanavyojibizana. Alifariki mwaka 1993.

Wa tano ni Toshihiko Seko, mkimbiaji, yule wa kisu na nafaka. Wazee waliokuwa wakisikiliza radio miaka ya 80 najua wamekwisha tambua ninakokwenda.

Tarehe 4 Desemba 1983, marathoni ya Fukuoka, Japani. Juma Ikangaa, askari wetu wa Jeshi la Wananchi, yuko mbele. Ikangaa hakujua kukimbia kwa kujificha. Akiingia barabarani anaongoza, upepo wote ni wake. Seko alikuwa kinyume chake kabisa. Alikaa nyuma ya bega la mtu kilomita baada ya kilomita, uso hauna habari yoyote, mpaka uwanja uonekane. Siku ile waliingia uwanjani pamoja baada ya kilomita 42, na hapo Seko akafyatuka. Yeye 2:08:52, Ikangaa 2:08:55. Sekunde 3. Wapo watakaosema Ikangaa alifanya kazi na Seko akapokea mshahara, na mimi kwa moyo wa Kitanzania nasema hivyo hivyo. Lakini kwa akili nakubali kwamba kungoja namna ile, mbele ya nchi nzima inayokutegemea, ni kazi pia.

Kocha wake Kiyoshi Nakamura alikuwa mkali, mtu wa kuwahubiria wanariadha kabla hawajafunga viatu. Chini yake Seko alikimbia Christchurch, New Zealand, Machi 1981, na katika mbio moja akavunja rekodi mbili za dunia, ya mita 25,000 na ya mita 30,000. Christchurch ni mji ule ule ambako Filbert Bayi alivunja rekodi ya mita 1,500 mwaka 1974. Na wanafanana kwa jingine. Bayi alikosa Olimpiki ya Montreal 1976 kwa sababu ya mgomo wa nchi za Kiafrika, na Seko, akiwa kwenye ubora wake, alikosa Moscow 1980 kwa sababu Japani iliungana na mgomo wa Wamarekani. Tanzania tulikwenda Moscow, tukarudi na medali mbili za fedha, ya Bayi na ya Suleiman Nyambui. Seko alipopata nafasi yake, Los Angeles 1984, alimaliza wa 14. Ikangaa alikuwa wa 6.

Nakamura huyo huyo alimpokea mwaka 1983 kijana kutoka Kenya, mzaliwa wa Mombasa, Douglas Wakiihuri. Kijana alijifunza Kijapani, akala walichokula, akakimbia walivyokimbia. Mwaka 1985 Nakamura alikwenda kuvua samaki akazama mtoni. Miaka miwili baadaye, Roma, Wakiihuri akawa bingwa wa dunia wa marathoni, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Kisha Seoul 1988 wote watatu wakasimama mstari mmoja: Wakiihuri akachukua medali ya fedha, Ikangaa wa 7, Seko wa 9. Seko akastaafu. Ikangaa alikuwa bado na la kusema, na mwaka uliofuata alishinda New York kwa 2:08:01, rekodi ya njia ile, akiwa mbele kama kawaida yake, na safari hii hakuna aliyekuwa begani.

Zile rekodi mbili za Christchurch zilikaa miaka 30. Zilivunjwa Juni 2011 huko Eugene, Marekani, zote mbili tena katika mbio moja, na Moses Mosop wa Kenya.