"Amenisema" Si "Ameniambia": Maneno kwa Walimu wa Kiingereza Wanaofundisha Wahispania

Nasikia kule nyuma mtu ananong'ona, "Haya, ameanza tena na say na tell." Ndiyo, nimeanza. Nitaacha siku utakapopita muhula mzima bila sikio langu kupigwa na "He said me" badala ya "He told me."

Jioni moja darasani kwangu Madrid, fundi bomba mmoja, mtu mzima na ndevu zake, alichelewa. Nikamuuliza kulikoni. "My wife said me to wait." Mimi mtoto wa Mombasa, sikio likasikia: mke wangu amenisema. Nikamwonea huruma! Nikawa natafuta maneno ya kumpoza, nikidhani leo kwake kumewaka moto. Kumbe masikini ameambiwa tu asubiri, kuna fundi wa friji anakuja.

Sasa msimcheke. Kwao kitenzi ni kimoja, decir. "Dijo que sí", alisema ndiyo. "Me dijo que sí", aliniambia ndiyo. Kilichoongezeka ni me tu. Akija kwenye Kiingereza anachukua said, anaibandika me, anaona kazi imekwisha. Kitabu kinampa kanuni: tell hutaka msikilizaji, say haimtaki. Anaikariri, anapasi mtihani, akifika mlangoni: "Teacher, she said me..."

Sisi kanuni hiyo tumeinyonya. Ambia imembeba msikilizaji tumboni: ni ile -amba ya kale, iliyobaki kwenye kwamba, ikatiwa kauli ya kutendea. Hakuna anayeuambia upepo. Sema ukiipachika mtu, umemkaripia au umemsengenya. Basi wanafunzi wangu wote Wahispania wanajua maana ya "kumsema mtu". Wanacheka, na siku ya pili ukianza kuteleza, jirani yako ndiye anayekukanya.

Najua mtaniuliza: na "tell a story" je, mtu yuko wapi? Hapo kanuni iwekeni kando, mpeni contar. Contar ni kuhesabu na ni kusimulia pia, na tell ya zamani ilikuwa vivyo hivyo. Ndiyo maana karani anayehesabu pesa benki huitwa teller mpaka leo. Kwa hadithi na utani, palipo na contar, weka tell. "Tell the truth" inaleta taabu, kwa sababu ukweli kwao unakwenda na decir. Huo wakariri, wasitusumbue.

Na sisi tusijivune. "Explain me" wao wanaitoa kwenye explícame, sisi kwenye nieleze. Tumo jahazi moja.

Speak na talk... naona mwenyekiti anatazama saa. Zote ni hablar. Lugha ni speak, soga ni talk, mengine yatakuja kwa mazoezi. Ila discutir, jamani! Inafanana na discuss, kujadiliana, lakini kwao mara nyingi ni kugombana. Mhispania akikwambia "I discussed with my boss", usimpongeze kwanza. Muulize kama bado ana kazi.